Kabla Hujaitegemea Ripita ya Mlimani



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukiona kwa macho: ripita ya redio za ridhaa. Ni sanduku la chuma, pengine si kubwa kuliko kabati la vyombo, lililofungiwa ndani ya kibanda juu ya kilima. Kutoka humo hutoka waya mnene unaopanda mnara hadi kwenye antena. Kazi yake ni moja tu. Husikia sauti dhaifu iliyotumwa na redio ndogo ya mkononi, ile ambayo wengi huiita redio koli, na papo hapo huirusha upya kwa nguvu kubwa zaidi kutoka mahali pa juu, ili wasikie walio mbali.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya malalamiko, nayo hufanana. Kikundi cha wafugaji, au kamati ya maafa ya kijiji, au familia yenye shamba mbali na barabara, wamechanga fedha wakanunua redio za mkononi. Muuzaji amewaambia kwamba mlimani kuna ripita, na kwamba kwa ripita hiyo wataongea wilaya nzima hata mtandao wa simu ukikatika. Miezi michache baadaye mvua kubwa inanyesha, simu zinanyamaza, redio zinatolewa sandukuni, na mlima haujibu. Hapo ndipo watu huja kuuliza: tumdai nani? Jibu, mara nyingi, ni kwamba kuhusu ripita yenyewe hakuna wa kudaiwa. Ni heri mtu alijue hilo kabla ya kutoa fedha kuliko baada.

Hatusemi kwamba redio hizo ni mbovu. Nyingi hufanya kazi ile ile iliyokusudiwa na aliyeziunda. Lakini redio ya mkononi yenye nguvu ya wati 5, ikiwa mkononi mwa mtu aliyesimama chini, humfikia mwenzake aliye umbali wa kilomita chache tu, na mjini kati ya majengo hata huko haifiki. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu na mstari ulionyooka, kama macho yanavyoona. Upeo wa dunia huyazuia, na mlima huyazuia zaidi. Kilima kinachoinuka mita 900 juu ya tambarare, kwa upande wake, kinaweza kufikiwa na mawimbi kutoka umbali wa kilomita 120. Kwa hiyo mtu anayenunua redio kwa ajili ya umbali, kwa kweli ananunua mlima. Na mlima huo haumo ndani ya boksi alilouziwa.

Ni wa nani, basi? Kanuni za kimataifa za redio, zinazosimamiwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, huieleza huduma ya redio za ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, kwa shauku yao wenyewe na bila faida ya fedha. Maneno hayo ya mwisho, bila faida ya fedha, ndiyo yanayobeba uzito wa mazungumzo yetu. Kampuni ya simu hukutoza, na kwa kuwa imekutoza ina wajibu kwako, nasi tunaweza kuisimamia kwa niaba yako. Ripita ya ridhaa haikutozi kitu. Imewekwa na klabu au na mtu mmoja mwenye leseni, kwa fedha za mifukoni mwao, na hutunzwa Jumamosi baada ya kazi za wiki. Haina mkataba wa huduma wala kituo cha kupokea simu za wateja, na wala hakuna fidia inapozimika. Kusema hivyo si kuidharau. Ni kuieleza ilivyo, ili mtu ajue aegemee kwa uzito gani.

Na kweli inafaa kuegemewa, pale ilipotunzwa. Mfano mmoja umezungumzwa sana miongoni mwa watu wa redio, nao unatoka mbali na kwetu. Mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene kiliishukia sehemu ya magharibi ya jimbo la North Carolina, Marekani. Ni nchi ya milima na mabonde membamba. Mafuriko yalivunja barabara na madaraja, yakang'oa nguzo za umeme na kukata simu. Katika jimbo hilo peke yake walikufa watu zaidi ya 100. Juu ya Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, kulikuwa na ripita ya ridhaa katika masafa ya megahezi 145.190. Iliendelea kufanya kazi. Kwa siku kadhaa ilipitisha habari za barabara zilizofungwa, maombi ya msaada, na maswali ya watu waliotaka kujua kama ndugu zao wako hai. Wengi walisikiliza tu, kwa maana kusikiliza huko hakuhitaji leseni, na kusikiliza peke yake kuliwaambia njia ipi ipitike na ipi isipitike.

Tunautaja mfano huo kwa sababu ya neno moja: iliendelea. Ripita haiendelei kufanya kazi baada ya umeme kukatika isipokuwa mtu amekwisha kuiwekea nishati ya akiba, akaikagua, siku ambayo hapakuwa na dharura yoyote na hakuna aliyemshukuru. Na nishati ya akiba ndilo jambo la kwanza linaloharibika.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ripita yenye nguvu ya wati 25 hutumia nusu ampea hivi inapongoja, na yapata ampea 6 inaporusha sauti. Tuseme ina betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo kwa busara hutumiwa nusu tu ili isife mapema. Ikiwa kimya, betri hiyo itaihifadhi ripita kwa saa 100, yaani siku nne na zaidi kidogo. Fundi akiijaribu siku ya kawaida atarudi nyumbani ameridhika. Lakini siku ya maafa kila mtu ataongea. Ripita ikirusha sauti nusu ya muda wote, betri ile ile itakwisha ndani ya saa 15. Mzigo huongezeka saa ile ile ambayo hakuna awezaye kupanda mlimani kuleta betri nyingine. Ndiyo maana wanaosikia wanaombwa kusema kwa ufupi, na ndiyo maana ripita nyingi hufungwa saa ndani yake inayoikata sauti ya mtu asiyenyamaza, mara nyingi baada ya dakika 3. Mtu aliyekatwa hudhani ripita imeharibika. Haijaharibika, imejilinda dhidi yake.

Betri yenyewe huzeeka hata isipotumika. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wa betri ya asidi hupungua kwa karibu nusu. Kibanda cha bati kisicho na tundu la hewa, chini ya jua la mchana, ni tanuri. Betri iliyotarajiwa kuishi miaka mitano hufa kabla ya wa tatu, na hufa kimyakimya: umeme wa gridi ukiwapo, kila kitu huonekana kizima. Klabu yenye uangalifu huizima chaja kwa makusudi mara kwa mara, ikapima betri inadumu saa ngapi, ikaandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hatujui mali inayostahili usemi huo kuliko betri ya mlimani.

Maji ni adui wa pili, naye ni mvumilivu. Waya wa antena huungwa kwa viungio, na kiungio kisichofungwa vizuri kwa utepe wa mpira hupitisha unyevu. Unyevu huteremka ndani ya waya, shaba hugeuka kijani, na nguvu hupotea kidogo kidogo. Ikipotea nusu wakati wa kurusha, nusu hupotea pia wakati wa kusikia, kwa maana ni waya huo huo. Mtumiaji wa mbali huwa wa kwanza kuathirika. Husema: mwaka jana nilikuwa naifikia kutoka nyumbani, siku hizi mpaka nipande juu ya paa. Mara nyingi watu humlaumu kwamba redio yake ni ya bei nafuu. Huenda ni kweli. Lakini watumiaji watatu wa pande tofauti wakisema hivyo hivyo, tatizo liko mlimani.

Halafu kuna radi, panya, nyigu wanaojenga ndani ya masanduku, na wezi. Juu ya wezi hatuna haja ya kusema mengi, maana kila mwenye mnara anawajua: huchukua betri, huchukua paneli za sola, na huchukua waya wa shaba unaoshusha radi ardhini. Huu wa mwisho ndio wizi wa hatari zaidi, kwa kuwa hauonekani hadi radi ipige.

Kuna sehemu moja ya ripita ambayo tungependa mwananchi wa kawaida aielewe, kwa sababu inaeleza kwa nini matengenezo si kazi ya fundi yeyote wa redio. Ripita husikia na kurusha kwa wakati mmoja, kwa kawaida kupitia antena moja. Kwa mfano, katika mpangilio unaotumika sehemu kubwa ya eneo letu la kimataifa, linalojumuisha Afrika na Ulaya, ripita inayosikika katika megahezi 145.600 husikiliza katika 145.000, tofauti ya kilohezi 600 tu. Ni kama mtu anayepiga kelele kwa nguvu zake zote huku akisikiliza mnong'ono chumba cha pili. Kinachomwezesha ni chujio, mitungi ya chuma iliyorekebishwa kwa umakini mkubwa, ambayo hulipunguza wimbi linalorushwa lisiingie masikioni mwa ripita kwa kiasi cha mara milioni 100 hivi. Mtungi ukigongwa, au kibarua mwema akikaza skrubu aliyoiona imelegea, ripita huwa kiziwi ingawa sauti yake bado inasikika mbali. Kuirekebisha kunahitaji kipimo ambacho klabu nyingi huazima.

Hayo yote, hata hivyo, si yanayoua ripita nyingi. Kwa maoni yetu kinachozimaliza zaidi ni ardhi. Ripita nyingi hukaa kwenye mnara wa mtu mwingine kwa hisani. Mnara ukiuzwa, mmiliki mpya hulitazama lile sanduku asilolipwa kodi na kuuliza linafanya nini hapo. Au mwanachama mmoja aliyekuwa na ufunguo wa geti anahama mji, au anafariki, na hakuna mwingine anayejua mlinzi anaitwa nani. Vifaa vizima kabisa huzimika kwa sababu ya ufunguo. Mkiambiwa kwamba eneo lenu lina ripita, ulizeni kwanza kama kuna maandishi baina ya klabu na mwenye mnara, na watu wangapi wana ruhusa ya kuingia. Likiwa jibu ni mtu mmoja, ripita hiyo ina umri wa mtu huyo.

Tuje sasa kwenye hali ya ripita, yaani kujua kama ipo au haipo. Orodha hupatikana, za klabu na za mtandaoni, zikionyesha masafa, mahali na neno fupi: ipo hewani, imezimwa, haijathibitishwa. Neno hilo lisikutoshe. Tafuta tarehe. Ripita iliyoandikwa kuwa hewani na mtu aliyeisikia miaka sita iliyopita ni habari ya miaka sita iliyopita. Orodha hizi hujazwa na watu wa kujitolea kama ripita zenyewe, na ni rahisi zaidi mtu kuandika kwamba kitu kimezaliwa kuliko kwamba kimekufa.

Ukimya nao hausemi kitu kimoja. Unaweza kuwa na maana kwamba ripita imekufa, au kwamba ni nzima ila hakuna anayeongea, au kwamba redio yako haijapangwa sawasawa. Mwenye leseni ana njia rahisi ya kutofautisha. Bonyeza kitufe, taja alama yako ya wito, useme unajaribu, kisha achia na usikilize. Ripita iliyokusikia kwa kawaida hubaki ikirusha kwa sekunde moja au mbili baada yako. Watu wa redio huuita mkia. Ukisikia mkia, mlima umekusikia, hata kama hakuna binadamu aliyejibu. Usiposikia mkia lakini wakati mwingine unawasikia wengine wakiongea kupitia ripita hiyo, basi iko hai, na huenda unakosa mlio wa ufunguo: sauti nzito ya chini, kwa mfano hezi 88.5, ambayo redio huituma pamoja na maneno yako ili ripita ifungue mlango. Sikio haliusikii. Mlio huo hubadilishwa mara kwa mara katika baadhi ya ripita, na asiyepata habari huamini imekufa.

Tumesema mwenye leseni, na hatukusema kwa mazoea. Kurusha katika masafa ya ridhaa kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako na alama ya wito, ile inayoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya au 5X kwa Uganda. Kununua redio si kupata leseni, hata kama muuzaji amekupangia masafa yote dukani kwa hisani yake. Walinzi, waongoza watalii, wenye malori na wote wanaotaka redio kwa ajili ya biashara hawana nafasi kwenye ripita ya ridhaa. Wao huomba masafa yao wenyewe, na hapo huwa na haki ambazo ripita ya ridhaa haiwezi kuwapa. Tena hakuna siri hewani. Kanuni za huduma hii zinakataza kuficha maana ya maneno, na yeyote mwenye redio anasikia. Usiseme jina la mgonjwa, wala mahali fedha za kikundi zilipo.

Kamati ya kijiji ifanye nini, basi, ikiwa bado inaitaka redio kwa ajili ya maafa? Ushauri wetu ni kwamba isianze dukani. Ianze kwa kuitafuta klabu, iombe kuazima redio moja pamoja na mwanachama mwenye leseni, na wazunguke nayo: shuleni, zahanati, ng'ambo ya mto, ndani ya nyumba na nje. Waandike ni wapi mkia ulisikika. Wafanye hivyo tena msimu wa mvua. Wajaribu pia kuongea redio kwa redio, bila ripita, na wajue mipaka yake, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayobaki mlima ukinyamaza. Wawili au watatu miongoni mwao wasome na kufanya mtihani wa leseni. Na katika bajeti, kabla ya redio ya tano, waweke mchango wa mwaka kwa mwenye ripita. Fedha ya redio tatu za ziada ikielekezwa kwenye betri ya mlimani huwafaa zaidi kuliko redio zenyewe, ingawa tunajua ni vigumu kumshawishi mtu achangie kitu asichokishika mkononi. Asiye na fedha ana mabega: kubeba betri, kufyeka njia, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kuzungumza na jirani anayeishi karibu na kibanda.

Mkiona hitilafu, toeni taarifa yenye mwili. "Ripita haifanyi kazi" haimsaidii fundi atakayepanda saa tatu kwa miguu. Mwambieni siku na saa, mahali mlipokuwa, nguvu ya redio mliyotumia, kama mlisikia mkia, na kama umeme wa eneo ulikuwepo. Kutoka hapo ataweza kukisia kama abebe betri, utepe wa mpira au kipimo cha chujio, na safari moja itatosha badala ya mbili.

Limebaki suala la muuzaji, nalo ni letu sisi. Ripita hatuwezi kuidai kwa niaba yako, lakini ahadi iliyotolewa dukani tunaweza kuifuatilia. Aliyekuuzia redio kwa kukuahidi wilaya nzima kupitia mlima asio na mamlaka nao, bila kukutajia leseni, amekupa maelezo ya kupotosha. Omba risiti, na uombe iandikwe aina ya redio na kile ulichoelezwa kwamba itafanya. Angalia kama aina hiyo imeidhinishwa kutumika nchini. Kama hujui namna ya kuangalia, tuulize kabla ya kulipa. Ukija kulalamika, njoo na risiti, boksi lenye namba ya kifaa, na tangazo lenyewe, hata likiwa ni picha kwenye simu yako au ujumbe aliokutumia. Usiifungue redio wala kumpa fundi mwingine kwanza, kwa sababu muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu.